Nafasi Kwenye Shelfu ya Mzee Nasor

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.
17 Desemba 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima, goti lako limetulia, na yule ng'ombe mwenye hasira amezaa salama. Mimi afya ninayo. Kinachonisumbua ni joto tu. Huku mtu anaanza kutoka jasho kabla hajamaliza kujifuta maji ya kuoga.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe husema "salama" mara tatu ukakata, na mimi leo nina neno refu. Baba, Krismasi hii sipandi kuja nyumbani. Najua Wachaga wote wa mjini hapa wako stendi na maboksi yao. Najua pia kwamba Mama ameshawasimamisha watu njiani kuwaambia binti yake anakuja. Niombee radhi kwake.

Unakumbuka nilipopata kazi ya uagizaji bidhaa mwezi wa sita, hapa kwenye duka la sare za shule la Mzee Nasor, na wewe ukalitangaza mpaka kwenye jumuiya. Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kuagiza masweta ya Januari. Kiwanda kilituma sampuli tatu: nyepesi, ya wastani na nzito. Nikazishika moja moja. Nikakumbuka asubuhi za Rombo, ukungu umelala kwenye migomba, mimi wa darasa la tatu meno yanagongana njia nzima. Nikasema, mtoto wa shule avae kitu! Nikaagiza zito. Kontena zima, Baba. Kwa watoto wa Dar es Salaam.

Shule za huku sweta ni sare tu, mtoto analifunga kiunoni. Kina mama wanakuja, wanashika, wanaangua kicheko. Mmoja wa Buguruni aliniuliza mbele ya wateja, "Dada, hili sweta au nyungu? Mwanangu akasome au akajifukize?" Duka zima likacheka, na mimi nikatamani kuingia ndani ya sweta moja nisionekane.

Mzee Nasor alikuwa safarini tangu nilipopewa sampuli, akamalizia na Umra, amerudi juzi. Aliingiza mkono ndani ya sweta mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaenda kuswali. Jana Wafa, binti yake anayesimamia ofisi, kaniambia Jumamosi nifike saa moja asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na wafanyakazi wote watakuwepo. Nikiwauliza kuna nini wanatabasamu. Nadhani wananifukuza mbele ya watu. Naogopa sana, Baba. Kazi hii naipenda.

Mwanao,
Candida

*

Mkuu, Rombo.
21 Desemba 2023

Mwanangu Candida,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa dume, na amempiga teke jirani aliyekuja kupongeza.

Barua yako Mama yako ameisoma kabla yangu. Amelia kidogo, kisha akasema hayo masweta mbona mazuri. Usimsikilize. Mimi nakuandikia haraka, barua nimempa kondakta wa basi la alfajiri ili ikufike Ijumaa.

Usingoje Jumamosi. Andika barua ya kuacha kazi, iache mezani, panda basi uje nyumbani. Anayeondoka mwenyewe hakuna wa kumbandika jina ukutani. Anayengoja kuitwa mbele ya watu, siku hiyo haimwishi. Atakuwa anaiona kila akikutana na mtu njiani. Nayajua haya kuliko unavyodhani. Hapa kuna ndizi, kuna maziwa, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Njoo, mwanangu.

Baba yako,
Onesphory

*

Kariakoo,
7 Januari 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini mmeuona wote salama, na huyo ndama ameanza kutembea bila kurithi tabia za mama yake. Mimi mzima kabisa, na niko kazini. Kaa chini kwanza nikusimulie.

Barua yako ilinifika Ijumaa jioni. Nililia, nikaandika barua ya kuacha kazi kama ulivyosema, nikaitia kwenye pochi. Jumamosi saa moja kasoro niko mlangoni. Nikakuta viti vimepangwa duara katikati ya duka, birika la chai ya maziwa, chapati, na halua kwenye sinia. Nikajua basi, hii ndiyo karamu ya kuagana. Nikaitoa barua. Hussam wa stoo akaipokea, akaikunja mara nne, akaishikia mpini wa birika maana lilikuwa la moto. Ikalowa chai yote. Hakuna aliyeisoma mpaka leo.

Mzee Nasor akaanza yeye. Baba, sikutegemea. Akasema, "Kosa la kwanza ni langu. Nimempa binti mgeni sampuli tatu, nikapanda ndege, sikumwachia mtu wa kumuuliza." Wafa akafuata: "La pili langu. Niliiona oda ikipita, nikaona haya kumkosoa mtu mpya, nikanyamaza." Ndipo wakanigeukia. "Haya Candida, simulia tangu mwanzo. Ulikuwa unawaza nini?" Nikasimulia ukungu, migomba, meno kugongana. Wana sharti moja: hakuna ruhusa ya kucheka mpaka mwenyewe acheke. Nilipofika kwenye nyungu nikashindwa kujizuia, nikacheka, basi! Hussam alianguka na kiti.

Halafu Mzee akanipeleka ofisini kwake. Kuna shelfu ya mbao nyuma ya mlango, ya vitu ambavyo watu wa duka waliwahi kukosea, sikuwahi kuitilia maanani. Akachukua sweta moja, nikaandika jina langu na tarehe kwenye kikaratasi, tukaliweka. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kunitajia masweta isipokuwa mimi mwenyewe nikitaka. Hussam alijisahau Jumatatu, akatozwa faini ya kununulia watu wote maandazi.

Na sasa sikia hili. Oda inayofuata ni soksi, na Mzee anataka niiagize mimi. Amesema, "Nikimpa mwingine, nitakuwa nimelipia shule halafu nikamfukuza mwanafunzi." Sijui nifurahi au nikimbie.

Nisamehe sikupanda basi.

Mwanao,
Candida

*

Mkuu, Rombo.
28 Januari 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba. Tuko salama. Ndama ana tabia za mama yake.

Barua yako nimeisoma, na nakuambia kama mzazi: kuwa macho. Nimefanya kazi na watu. Mtu hakupi chai na halua kwa sababu umemharibia. Huenda wanangoja soksi ziharibike ili wakufukuze kwa makosa mawili badala ya moja.

Halafu hujasema hiyo shelfu ina nini kingine. Nauliza tu. Wako wangapi juu yake? Na huyo mzee mwenyewe ana kitu pale, au ameweka vya wenzake tu? Nani aliianzisha? Ukiandika barua uandike mambo kamili, usimwache mtu njiani.

Mama yako anauliza kama masweta yamebaki, maana anao wajukuu wa dada yake saba na wote wana mafua.

Baba yako,
Onesphory

*

Kariakoo,
14 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Vipi hali ya hapo na hizi mvua? Goti linasemaje? Huku Kariakoo maji yalikuwa yanatembea barabarani yakiwa na haraka kuliko watu. Tumemaliza Idi, nimekula biriani nyumbani kwa Mzee Nasor mpaka nikafungua kifungo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa safarini, na mambo ni mengi.

Kwanza shelfu, kwa kuwa "unauliza tu". Vitu ni kumi na tisa, na saba kati yake ni vya Mzee mwenyewe! Cha kwanza kabisa ni kiatu chenye kisu chini. Zamani, kabla hajawa na duka, alikuwa anauza mitumba Mchikichini. Akanunua belo la viatu bila kulifungua. Kulifungua, vyote ni vya kutelezea kwenye barafu huko Ulaya. Soko zima lilimcheka mwezi mzima, akawa haendi hata kunywa kahawa kijiweni. Mpaka siku moja mzee mmoja muuza vikombe akamvutia kiti, akammiminia chai na kumwambia, "Hebu nisimulie tangu mwanzo." Anasema chai ile ndiyo iliyomrudisha sokoni. Alipofungua duka lake akaweka kiatu kimoja kwenye shelfu hiyo na kuapa kwamba kwake hakuna atakayeanguka bila kuvutiwa kiti.

Hussam ana kofuli. Alifunga stoo akaenda kuswali Ijumaa, kumbe kamfungia mteja ndani. Walimkuta amekaa juu ya mabegi ya shule, amekula biskuti zote za Hussam, na akataka punguzo. Akapewa.

Masweta, Baba, hayakwisha kirahisi kama nilivyoota. Wote tulikaa tukapanga nani ana ndugu wapi kwenye baridi. Tumeyapeleka Lushoto, Mbulu, na mimi na Wafa tumefika mpaka Njombe. Yale mekundu yote yamechukuliwa, wanayasifia. Ya bluu wameyakataa, shule za kule hazivai bluu. Kwa hiyo nusu bado iko stoo, na wapagazi wanayalalia saa saba mchana wakisema hawajawahi kuwa na godoro zuri hivi. Kumi na manne nawatumia na basi hili, ya wale saba, mawili mawili.

Na soksi! Niliogopa, nikawa nazishika sampuli mpaka Wafa akaniuliza kama nataka kuzioa. Lakini sasa tuna utaratibu mpya: hakuna sampuli inayopitishwa kabla haijashikwa na mteja. Nimemtafuta yule mama wa Buguruni, ndiye mshikaji wetu mkuu. Anakuja, anapewa soda, anashika, anatukana, tunaandika. Soksi zimekuja mwezi huu, zinatoka vizuri.

Baba, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza. Uliandika kwamba unayajua haya, na ukataja jina kubandikwa ukutani. Mimi nilipokuwa mdogo ulikuwa fundi wa kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, unarudi nyumbani unanukia kahawa mbichi. Halafu siku moja ukawa umekaa nyumbani, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Uliacha kwa sababu gani?

Mwanao,
Candida

*

Mkuu, Rombo.
30 Juni 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba, mama. Masweta yalifika na watoto wamepona mafua. Nimekaa na swali lako miezi miwili na nusu. Nimeandika barua nne na zote Mama yako amewashia moto, kwa idhini yangu.

Kazi yangu ilikuwa tangi. Kahawa ikishamenywa inalazwa kwenye tangi ili ute wake ulainike, kisha inaoshwa. Kuna saa zake. Ukiiacha ikapitiliza inachacha, na hapo hata ukiianika mwaka mzima haiponi. Kazi ile nilikuwa naifanya peke yangu. Tangi nililijua kwa pua.

Agosti 2012 nililaza kahawa Ijumaa. Ilitakiwa kuoshwa Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na sherehe nyumbani, watu wamejaa, pombe ya mbege imeiva, na mimi nilicheza mpaka viatu vikafunguka nyayo. Tangi nilikuja kulikumbuka Jumapili mchana. Nilikimbia mpaka kule na suti yangu. Niliisikia harufu nikiwa bado njiani. Kahawa ya nyumba arobaini.

Jumatatu waliniita kwenye mkutano. Ansbert, aliyekuwa mwenyekiti, alisoma jina langu kwa sauti, kisha akalibandika kwenye ubao wa chama. Hakuna aliyeniuliza kitu. Jina lile lilikaa pale mpaka mvua ilipolifuta, na mimi sijakanyaga kiwanda tangu siku hiyo. Nikikutana na mtu wa zile nyumba arobaini, navuka barabara.

Sherehe ilikuwa kipaimara chako. Ndiyo maana hukuambiwa. Sasa nisikilize vizuri: si kosa lako hata kidogo, ulikuwa mtoto na ulipendeza. Na nikiulizwa leo kama najutia kucheza, sijutii. Najutia saa tu.

Klara, katibu wa sasa wa chama, amekuja hapa mara mbili. Wana mashine mpya na vijana wawili, Brightness na Allan, wanaojua kuiwasha lakini tangi hawalijui. Nimemkatalia mara zote mbili. Nilimwambia goti linauma.

Baba yako,
Onesphory

*

Kariakoo,
4 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na leo siulizi hata habari za ng'ombe.

Nimesoma barua yako stoo, nimekaa juu ya masweta ya bluu, nimelia mpaka Hussam akaleta maji na kuondoka bila kuuliza. Sijamwambia mtu. Ni yako, na hapa nimefundishwa kwamba kosa linasimuliwa na mwenyewe tu.

Nakumbuka ulivyocheza siku ile. Nakumbuka kiatu kilivyofunguka. Kwa miaka yote hii, nikiambiwa nitaje siku niliyofurahi, nataja hiyo. Nisingependa uifiche tena.

Nina swali moja tu. Baba, Jumatatu ile, nani alikupa chai?

Mwanao anayekupenda,
Candida

*

Mkuu, Rombo.
6 Oktoba 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba, marahaba sana. Tu wazima wote. Ng'ombe mkorofi tumemuuza kwa mwalimu mkuu, naona ameanza kujuta. Usinilaumu kwa kukaa kimya miezi mitatu. Nilikuwa na shughuli, nawe utaisikia.

Swali lako lilininyima raha. Nilikuwa nakula, nasikia "nani alikupa chai?" Nakata majani, nalisikia. Mwezi wa nane Klara akaja mara ya tatu. Vijana wamechachusha tangi la kwanza. Brightness anajifungia ndani, anataka kukimbilia Arusha kwa shangazi yake, na mkutano ni Jumatano. Nilipomuuliza watasema nini kwenye mkutano, akasema Ansbert anapendekeza majina yabandikwe.

Candida, nilisimama nikalisahau goti. Nikamwambia nitakuja, ila nina sharti. Kuwe na chai, na viti viwe duara.

Jumatano nikaenda. Mama yako akanisindikiza mpaka mlangoni, akakaa nje ili nisitoroke. Brightness alikuwa amekaa karibu na dirisha, anaangalia miguu yake. Nikasimama nikasema, kabla ya mtoto huyu kuulizwa chochote, mimi ni mkubwa wake kwa kosa, nianze mimi. Nikasimulia tangu mwanzo: kipaimara, mbege, kiatu, suti, harufu. Nilipofika pale nilipokuwa nakimbia mgombani na tai shingoni, nikacheka mwenyewe. Sikutegemea. Ikabidi nao wacheke, wengine walicheka huku wanafuta macho.

Halafu Klara akafungua daftari la mikutano la zamani. Kumbe mimi nilikuwa nimeomba msaidizi wa tangi mara mbili mwaka ule, wakaahirisha. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Akasema, "Basi kosa la kwanza ni la chama." Miaka kumi na miwili, mwanangu, na maneno yenyewe ni hayo tu.

Ila hujasikia bado. Ansbert akasimama. Akasema kuna mwaka alipeleka kahawa ya chama mnadani Moshi, akafika siku moja baada ya mnada kwisha. Huku kwetu akatuambia lori liliharibika. Halikuharibika. Alikosea tarehe, akaona haya, akaja kutubandika wenzake. Akakaa. Brightness akainuka, akamjazia chai.

Baada ya hapo kila mtu anataka zamu! Mkutano ulianza saa nne asubuhi ukaisha saa kumi, na kahawa iliyoharibika tukaijadili kwa nusu saa tu. Sasa tangi lina watu watatu, na saa zinaandikwa ukutani. Tangi la pili lilitoka zuri. La tatu zuri zaidi. Brightness ana pua kunishinda, ila sijamwambia, atavimba kichwa.

Ndani ya boksi hili, chini ya ndizi, utakuta kopo dogo. Ni kahawa ya mwaka 2012. Niliokota konzi moja siku ile, sijui kwa nini, nikaificha. Mama yako amelitupa kopo hilo kila mwaka akifanya usafi, na kila mwaka nimeliokota. Nusu nimeiweka kwenye shelfu ya chama, maana Allan ametugongelea moja nyuma ya mlango. Nusu hii mpelekee Mzee Nasor na salamu zangu. Mwambie aika, asante sana, kutoka kwa mtu asiyemjua. Kikaratasi cha jina na tarehe nimekiandika mwenyewe. Kama nafasi ipo, naomba nikae karibu na sweta lako.

Desemba hii unapanda, hilo silijadili. Ila ukishuka stendi usiende moja kwa moja nyumbani, hutanikuta. Pitia kiwandani. Nitakuwa kazini.

Baba yako,
Onesphory